Pikipiki ya kwanza kuishika usukani: ilikuwa ya nani, na ilikuwa inalia vipi?

MtotoWaBwanaShamba

Wakuu habari za jioni.

Leo siasa tuziweke pembeni. Nimekaa kibarazani hapa, bodaboda wanapita mfululizo na simjui hata mmoja, nikakumbuka enzi ambazo pikipiki ikiunguruma ng'ambo ya mto mnajua kabisa ni nani anakuja, katokea wapi, na kama leo ana hasira.

Marehemu mzee wangu alikuwa bwana shamba huko milimani, wilaya ya Korogwe, miaka ya 80 mwishoni. Ofisi ilimpa Honda XL 125 nyekundu, namba za ST, yaani za serikali. Pale kijijini mashine zilikuwa tatu tu: hiyo ya mzee, ya paroko na ya mratibu elimu kata. Hakuna aliyenunua kwa hela yake, na hilo ndilo vijana wa leo hawaliamini. Pikipiki ilikuja na cheo. Mtu akihamishwa au akistaafu, mashine inarudi wilayani, na watoto wake wanarudi kutembea kwa miguu kama sisi wengine.

Ya mzee ilikuwa fostroki, mlio mzito wa kutulia. Ya paroko ilikuwa tustroki, zile zinazounguza oili pamoja na petroli, inalia kama nyuki waliochokozwa, na moshi wake wa buluu unabaki njiani paroko mwenyewe akishafika kigango cha pili. Ya mratibu ekzosi ilitoboka na haikuzibwa kwa muda mrefu, na nadhani walimu walimwombea isizibwe. Maana ule mlio ukisikika tu pale bondeni, walimu waliokuwa wanaota jua nje ya ofisi wanaingia madarasani mbio, na hadi mratibu anazima injini, chaki inalia kwenye kila ubao.

Kuendesha ya mzee ilikuwa marufuku. Alikuwa na kitabu cha safari: imetoka wapi, imekwenda wapi, kwa kazi gani, mita inasoma ngapi. Kilomita zikizidi bila maelezo, wilayani wanauliza. Kwa hiyo haki yetu sisi watoto ilikuwa kuiosha Jumamosi. Kaka mkubwa anajichukulia tanki na taa, yaani sehemu zinazong'aa. Mimi mdogo natupiwa spoku na cheni. Nakaa chini na kitambaa cha gunia na kopo la mafuta ya taa, nachokonoa udongo mwekundu pingili moja moja, vidole vinanuka hadi Jumatatu. Halafu tunaisukuma kuipeleka kivulini, na kwenye kule kusukuma ndiko nilikoijua: wapi inataka kulala, wapi ukiishika inakutii.

Siku mzee aliponiambia "panda, peleka hadi kwenye mkuyu," nilikuwa darasa la sita. Gia ya kwanza mwanzo mwisho, ya pili sikuwa na habari nayo. Kutoka nyumbani hadi kwenye mkuyu ni umbali wa kumwita mtu akaitika. Zile mita aliziandikaje kitabuni, alijua mwenyewe.

Na kovu la ekzosi ninalo hadi leo, mguu wa kulia, upande wa ndani. Haya tiririkeni. Ya kwanza kwako ilikuwa ya nani?

Kimburumatari

Mguu wa kulia, upande wa ndani. Sina la kuongeza.

Mama_Chapakazi

Mie langu nililipata kwenye pikipiki ya mchumba aliyekuja kutoa posa kwa dada yangu. Posa ilikataliwa, kovu likabaki kwetu.

BiKiunguja

Mleta uzi umenichokoza. Sie wa Unguja ya kwanza ilikuwa Vespa, na usiniambie Vespa si pikipiki, tutagombana.

Ami yangu alikuwa karani bandarini, nyumba Mkunazini. Alikuwa na Vespa rangi ya krimu, kila siku ya Ijumaa inapigwa nta hadi unajiona. Sie watoto hatukukaa nyuma. Nyuma alikaa mkewe, kakaa upande upande, buibui kalikusanya mapajani. Sie tulisimama mbele, pale pa kuwekea miguu, tumeshika usukani katikati ya mikono ya ami. Upepo wote wa kwako, na wadudu wote wa kwako.

Gia ya Vespa iko mkono wa kushoto, wenye kuzijua wanazijua. Unabana klachi, halafu unakizungusha kishikio chenyewe. Moja iko juu, chini yake nyutro, kisha mbili, tatu, nne zinashuka. Nimesimama pale mbele nikauona mkono wa ami ukizunguka kila siku, nikazijua gia kabla sijajua kusoma saa. Nilipokuja kuishika mwenyewe nikiwa msichana mkubwa, nilimshangaza. "Nani kakufunza?" "Si wewe, ami!"

Kwenye kituo cha mafuta tukiona raha. Petroli inaingia, kisha yule kijana anapima oili kwenye kikombe kidogo, anamimina, halafu ami anaitikisa Vespa kulia na kushoto ichanganyike. Sie hatukushuka. Tunatikiswa nayo.

Safari kubwa ya mwaka ilikuwa Makunduchi, Mwaka Kogwa. Mnapita Bungi kwenye ile miembe ya Bi Khole, mikubwa imeshikana huku na huku juu ya barabara. Ukiingia pale hewa inageuka ghafla, ubaridi unakupiga kifuani, harufu ya majani na maembe yalooza, kisha mnatoka tena juani macho yanauma. Mimi nilikuwa nikisubiri pale tu, Makunduchi yenyewe ilikuwa nyongeza. Ikifika Jozani au Kitogani chombo kinagoma. Ami anashuka bila neno, anafungua ubavu, anaitoa plagi, imelowa nyeusi tititi, anaipangusa kwa pembe ya kanga ya mkewe. Kesi ya hiyo kanga ilikuwa ndefu kuliko njia.

FundiMstaafu_Tanga

Bi Kiunguja, heshima yako dada. Hiyo plagi ilikuwa haimhusu ami wala kiwanda. Ni maradhi ya tustroki zote za kuchanganya. Oili inaungua pamoja na petroli, kwa hiyo kijana wa kituoni akizidisha kikombe, au dereva akienda polepole mwendo mrefu kwa sababu ana familia nzima juu yake, plagi inalowa na kufanya weusi. Tuliokuwa na akili tulitembea na plagi ya pili mfukoni, tumeifunga kwenye karatasi. Unabadilisha ya moto kwa ya baridi, unaondoka, kanga inasalimika.

Vespa mimi naiheshimu sana. Ilitoka Italia mwaka 1946, na aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege ambaye pikipiki za kawaida zilikuwa zinamkera: cheni inachafua suruali, tairi gumu kubadilisha. Ndiyo maana cheni hakuweka, na gurudumu la mbele kalishika upande mmoja tu, kama mambo ya ndege yalivyo. Ukipata pancha unafungua nati, unaweka spea, unaendelea na safari zako. Pikipiki nyingine ya wakati ule ukipata pancha porini unalala na fisi.

Yangu ya kwanza mimi ilikuwa Honda C70, ya tajiri wangu mwenye gereji pale Ngamiani. Hii nayo ilikuwa ya mtu, mleta uzi yuko sahihi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuchukua spea mjini. Ile familia ya Honda ilianza Japani mwaka 1958, na hadi 2017 walishatengeneza zaidi ya milioni 100, hakuna chombo chochote cha moto duniani kilichofikia hapo. Siri yake ni klachi. Mkononi hakuna kitu cha kubana, ukikanyaga gia klachi inajiachia yenyewe. Wajapani walitaka kijana wa mgahawa aweze kuendesha kwa mkono mmoja huku mwingine umebeba sinia la tambi. Tanga ule mkono wa pili ulibeba mikate. Na jamaa mmoja wa Chuda alikuwa anabeba kioo cha kabati hivyohivyo, kakikumbatia, na sijawahi kusikia kimevunjika.

SoniMpakaMombo

Fundi umenikumbusha mbali. Sisi watu wa Lushoto tustroki ndiyo ilikuwa baba lao. Kupanda Soni na gunia la viazi nyuma, fostroki ya wakati ule inapumua pumu, tustroki inakwenda tu. Nani anabisha?

MtotoWaBwanaShamba

Nabisha mimi. Kupanda sawa. Kushuka je?

FundiMstaafu_Tanga

Hapo sasa. Kupanda nakubaliana na wa Soni, tustroki nyepesi ina nguvu ikishachangamka. Ila kushuka ndiko ilikoua injini nyingi, na wengi hawakujua sababu. Kwenye ile ya kuchanganya, oili inaingia pamoja na petroli. Sasa wewe uko gia ya pili unashuka kona za Soni kuja Mombo, umefunga mafuta kabisa, lakini gurudumu linaizungusha injini kwa kasi. Petroli haiingii, kwa hiyo na oili haiingii. Pistoni inasugua kavu. Wazee walikuwa wanaigusa mafuta kidogo kila baada ya kona, "vuuup, vuuup". Watu chini wakisikia wanadhani dereva anajionyesha kwa wasichana wa sokoni. Hapana, anainywesha mashine.

SoniMpakaMombo

Fundi acha, kumbe! Mjomba alikuwa anafanya hivyo na mimi nikawa naiga nikidhani ni mbwembwe. Ingawa na mbwembwe zilikuwepo.

NesiUlanga

Naomba na wanawake tusikike, maana naona uzi umejaa kaka na ami.

Mimi niliajiriwa miaka ya 90 katikati, zahanati moja ng'ambo ya mto Kilombero, unatoka Ifakara unavuka kivuko, unapita Minepa kwenda mbele huko. Pikipiki ya zahanati ilikuwa Yamaha AG 100. Wanaoijua wanajua: karia mbele, karia nyuma, stendi kushoto na kulia, cheni imefunikwa yote. Ile mashine ilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na ng'ombe, na kwa kweli ilistahili. Mganga mfawidhi alinifundisha kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, na shule nzima ikahamia nje kuangalia. Nilipoweza kuzunguka goli bila kuzima, walipiga makofi kuliko siku ya mechi.

Kazi ilikuwa kliniki ya mkoba. Koldiboksi la chanjo nyuma, limefungwa kwa mpira wa tyubu. Mbele mizani ya kuning'iniza watoto na kadi za kliniki ndani ya mfuko wa nailoni. Suruali ilisemwa sana mwezi wa kwanza, hasa na kina mama watu wazima. Baadaye haohao wakawa wananiambia, "Nesi, tukikusikia kule kwenye mpunga ndiyo tunawaogesha watoto, ukifika wako tayari." Kwa hiyo mleta uzi, mlio wangu ulikuwa tangazo la kliniki. Hata wachanga waliujua. Walikuwa wanaanza kulia kabla sijafika, sindano wanaikumbuka.

Masika ndiyo mtihani. Ule udongo mweusi wa bonde, ukilowa unanata, unajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Injini inaunguruma, wewe uko palepale. Unashuka, unatafuta kijiti, unachimba, unakwenda hatua chache, unachimba tena. Mwishowe nilimwambia mganga aifungue ile madigadi ya mbele tuiache stoo hadi kiangazi. Matope yote yakawa ya usoni mwangu, lakini chanjo zinafika.

Vijito vikijaa tulivuka kwa mtumbwi. Pikipiki inasimamishwa katikati, wanaume wawili wameishika, mmoja kasia. Kabla hawajasukuma wanauliza, "Umefunga bomba la mafuta?" maana mtumbwi ukiyumba petroli inavuja na pale wengine wana sigara. Mimi nilikuwa nakaa mbele nimelikumbatia koldiboksi. Chombo kikizama serikali itanunua kingine, lakini chanjo ya kijiji hicho ni ile.

Siku hizi pale Kilombero kuna daraja refu la kisasa, unavuka unaongea na simu. Vizuri sana, simlilii yule mtumbwi. Lakini AG nikiiona barabarani nageuza shingo.

Swali kwa fundi: usiku taa yake ilikuwa inafifia kila nikipunguza mwendo, yaani pale kwenye shimo ninapohitaji mwanga ndipo inaponizimikia. Kwa nini?

FundiMstaafu_Tanga

Dada Nesi, pole na hongera. Taa za zile pikipiki nyingi zilikuwa zinakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, si kwenye betri. Injini ikizunguka kwa kasi, mwanga mwingi. Ikizunguka polepole, unabaki na rangi ya chungwa. Waliozoea walikuwa wanashuka gia moja chini na kuongeza mafuta, mwendo uleule mdogo lakini injini inapiga kelele, mwanga unarudi.

NesiUlanga

Na mimi nilikuwa nafanya hivyohivyo bila kuambiwa. Kijiji kizima kinajua nesi anarudi saa 3 usiku.

MutotoWaGoma

Ndugu zangu jambo. Miye ni wa Goma, na chombo yangu ya kwanza haikuwa na injini, ilikuwa chukudu. Nisamehe kama natoka kwa mada.

Kwa wasiojua: chukudu ni ya mbao tupu, magurudumu mbili za mbao zimevishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani mrefu wa mbao unaotokea pande mbili kama pembe. Mbao yenyewe ya mkaratusi. Kwenye ubao wa kusimamia wanapigilia kipande cha sandali ya zamani, ndipo unaweka goti. Mguu mmoja goti, mwingine unasukuma chini. Kuanzia Kibumba kushuka Goma hausukumi tena, inateremka yenyewe na makala (mkaa), viazi, shu (kabeji), chochote kimepakiwa. Breki ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma, unakikanyaga, na harufu yake unaisikia mbele ya kufika.

Baba alikuwa anafanya hiyo kazi. Siku ya kwanza alinipa ya mzigo mdogo, magunia mbili za makala, na mwenyewe akatangulia mbele yangu na mzigo mkubwa, ili nikishindwa kuisimamisha nimgonge yeye, nisigonge camion (lori). Hii ndiyo masomo niliyopata. Sasa niko na moto yangu, ni kusema pikipiki, ya kupakia watu, lakini pale kwenye mzunguko wa barabara kuna sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu ya mtu na chukudu. Ya moto haijajengwa.

Kimburumatari

Huyu wa Goma kashinda uzi. Tufunge.

Mishkaki_Buhongwa

Wazee shikamooni nyote, uzi mtamu. Ila naona mnazungumza kana kwamba pikipiki iliharibika heshima tulipoingia sisi. Ngoja niseme upande wa kijiweni.

Mimi nimeanza Mwanza, kijiwe cha Buhongwa, Boxer ya mtu. Mkataba: kila siku napeleka hesabu kwa bosi, mvua inyeshe jua liwake, muda ukiisha mashine inakuwa yangu. Service juu yangu, tairi juu yangu, trafiki juu yangu. Ukikosa hesabu siku tatu, anakuja asubuhi na funguo ya akiba. Nimeona wenzangu wamenyang'anywa wamebakiza wiki chache. Kwa hiyo na mimi nimeendesha mashine ya mwingine, tena bila kitabu cha safari wala posho.

Tofauti ni siku ya kumaliza. Bosi alinikabidhi kadi, tukaenda kubadilisha jina. Mzee wa bwana shamba hakuwahi kulipata hilo, samahani mkuu, siyo dharau. Pikipiki yangu haikuja na cheo, hakuna wa kunihamisha.

Kitu cha kwanza nilikwenda kuandika ule mpira wa nyuma. Wa bosi ulikuwa na jina la mtoto wake. Nikataka yangu iandikwe MUNGU NI MWEMA KILA WAKATI. Mchoraji akaanza kuhesabu herufi kwa kidole, maana anatoza kwa herufi. Tukabishana pale hadi watu wakajaa kutoa ushauri. Ikaishia MUNGU TU. Abiria mmoja mama mtu mzima akaisoma, akanipigapiga begani, akasema, "Mwanangu umeandika vizuri." Nikanyamaza.

MtotoWaBwanaShamba

Mishkaki, hujakosea na wala sijakasirika. Mzee alistaafu miaka ya 90, ile Honda ikachukuliwa na kijana aliyekuja na barua, akatia saini, akapiga kiki mara moja ikawaka. Sisi ilikuwa inatuchukua nne tano. Mama ndiye aliyenuna kuliko wote. Mzee alichukua jembe akaenda shamba.

Kwa hiyo ndiyo, kadi yenye jina lako ni kitu kikubwa. Ila bado nasema mlio wa kila mtu ulikuwa na jina lake, leo Boxer mia moja zinalia sawasawa.

Mishkaki_Buhongwa

Kwako zinalia sawasawa mkuu. Mke wangu anaijua yangu tangu inapokata kona ya duka, anainjika chai.

NesiUlanga

Hapo kijana amekujibu 😂

Mluhya_wa_Malaba

Majirani, Kenya tumewasili. Huku kwetu upande wa Bungoma kuja Malaba, boda ya kwanza ilikuwa baiskeli, Black Mamba, kiti cha nyuma kimetiwa sponji na kitambaa chenye vishada vya nyuzi. Ami yangu ndiyo ilikuwa kazi yake, kuvusha watu na mizigo mpakani. Nilibebwa hapo tangu sijaanza shule.

Halafu miaka ile ya 2007, 2008, serikali ikalegeza kodi ya pikipiki ndogo, na nduthi zikaingia kama mvua. Ami akauza ng'ombe mmoja na baiskeli, akaongezewa na chama chao cha kuchangiana, akanunua. Alijifunza jioni kwenye barabara ya murram katikati ya mashamba ya miwa. Yule mzee kwenye mlima alikuwa anainuka kwenye kiti na kuinamisha mgongo, mwili unataka kumsaidia injini. Miaka yote hiyo miguu ilikuwa ndiyo injini, sasa utaiambiaje itulie?

Na kengele. Baiskeli aliiuza lakini kengele aliing'oa, akaifunga kwenye usukani wa nduthi karibu na kioo. Honi ipo, inafanya kazi. Yeye anapiga kengele. Na wateja wake wa zamani wakisikia "kring kring" wanatoka nje na mizigo. Kwa hiyo wewe wa bwana shamba, kuna mmoja huku ambaye hakuchanganywa na wengine.

MtotoWaBwanaShamba

Huyo ami nampa shikamoo kutoka Korogwe. Mwambie.

Mluhya_wa_Malaba

Kesho ni siku ya soko, nitampata stegi.

Mama_Chapakazi

Mimi nataka kujua kwa nini wote mlijifunza gia ya kwanza tu halafu mkaachwa. Mimi kaka yangu alinionyesha kuondoka, hakunionyesha kusimama. Nimezunguka kanisa nikimpigia kelele aniambie breki iko wapi, na yeye anakimbia pembeni anacheka hawezi kusema. Ilipoisha mafuta ndipo niliposhuka. Bahati yetu alikuwa mchoyo wa petroli, kaweka robo lita.

Kipupwe_Njombe

Wakuu samahani kuingilia utamu, lakini naona hapa kuna fundi wa kweli. Mimi kijana wa 2001. Tumefungua stoo ya babu huku Njombe tukaikuta Suzuki yake, tustroki, 125, imefunikwa na magunia ya mbolea. Bibi anasema ilisimama mwaka niliozaliwa. Tairi zimekauka zimepasuka, tanki lina kutu kwa juu, lakini kiki inashuka kidogo halafu inagoma. Nataka kuiwasha. Nianzie wapi? Nimeshaweka petroli mpya tayari.

FundiMstaafu_Tanga

Kijana, SIMAMA HAPOHAPO. Usipige kiki tena. Ikishuka kidogo na kugoma maana yake ringi zimeshikana na silinda. Ukiilazimisha utavunja ringi, na za mashine hiyo kuzipata leo ni kazi.

Hiyo petroli uliyoweka itoe yote. Ndani ya tanki kuna petroli ya zamani iliyogeuka gundi, inanuka kama rangi iliyochacha, na wewe umeikoroga sasa. Tanki livue, lisuuze, kisha tia ndani kipande cha cheni ya baiskeli na petroli kidogo, tikisa hadi mkono uchoke. Kutu itatoka na maji mekundu. Rudia hadi yatoke meupe, na usivute sigara wala kuwasha moto jikoni karibu na hapo.

Plagi ivue. Kwenye tundu lake mimina oili nyepesi kijiko cha chakula, iache ilale usiku, ikiwezekana mbili, kwenu kuna baridi oili inatembea polepole. Baada ya hapo weka gia ya juu kabisa, shika gurudumu la nyuma kwa mikono, lisukume mbele na nyuma taratibu. Utasikia linaanza kuachia. Likizunguka mzunguko mzima ndipo uguse kiki, plagi ikiwa bado nje.

Kabureta ifungue juu ya sinia jeupe, vile vitu vidogo vikidondoka uvione. Jeti zibua kwa unyuzi mmoja wa waya wa shaba, ule wa ndani ya waya wa umeme. Msumari au sindano usithubutu, utapanua tundu na haitapimika tena maisha. Ikishawaka, pampu ya oili usiiamini. Changanya mwenyewe kwa mkono kwenye petroli, mililita 40 kwa lita moja kwa kuanzia. Itatoa moshi majirani watoke nje, uache utoke. Ikikaa vizuri utapunguza. Na tairi hizo usizipande hata kwenda dukani.

Kipupwe_Njombe

Fundi asante sana, Mungu akuzidishie. Petroli nimetoa, kweli inanuka rangi. Tatizo plagi yenyewe haifunguki. Nimetumia plaizi, kile cheupe kimetoa ufa.

FundiMstaafu_Tanga

Plaizi! Weka chini hiyo plaizi. Azima spana ya plagi kwa fundi yeyote wa hapo mjini, ile ndefu yenye pembe sita. Kwanza piga brashi kuzunguka ili uchafu usidondoke ndani ya silinda. Halafu dondoshea mafuta ya taa pale kwenye shingo, subiri hadi kesho. Ukizungusha, igeuze kidogo kuilegeza, irudishe kidogo kukaza, ilegeze tena. Ikitoka na uzi wa aluminiamu umeganda juu yake, acha kila kitu, rudi hapa uniambie.

Kipupwe_Njombe

Sawa mzee. Kesho jioni naleta majibu na picha.

Mishkaki_Buhongwa

Dogo, ikiwaka nitafute. Nakupa hela nzuri, nakuja na usafiri wangu.

Kipupwe_Njombe

Nimemsomea bibi. Kasema haiuzwi, na wewe usije.